Uzani Mpya, Springi Zile Zile

Aghalabu mwenye gari dogo la nyikani, lile ambalo dereva na abiria hukaa bega kwa bega ndani ya kizimba cha mabomba, hulinunua likiwa jepesi, kisha akalitwika paa, winchi, tairi la akiba, sanduku la barafu na madebe ya petroli, hata gari lililokuwa likivuka matuta bila taabu likaanza kuinama nyuma na kugota kila liingiapo korongoni. Hapo hushika spana akaikaza kola inayozishikilia springi, gari likanyanyuka, naye akaridhika. Ilhali ugumu wa springi zake haukuzidi hata chembe.

Tutazame Polaris RZR XP 4 1000, gari la Kimarekani la watu wanne, ambalo magurudumu yake ya nyuma yana nafasi ya kupanda na kushuka ipatayo inchi 18. Kaida ya mafundi ni kwamba gari likisimama na mzigo wake wote, watu wakiwemo, takriban theluthi ya nafasi hiyo, yaani inchi 6, iwe imekwisha kuliwa, ili gurudumu lipate kushuka likifuata shimo, na libakiwe na theluthi mbili za kulipokea tuta. Kwa hiyo kazi huanzia kwenye mizani. Tairi la kilo 40 lililofungwa sentimita 60 nyuma ya ekseli, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, huilemea ekseli ya nyuma kwa kilo 48; na zile 8 za ziada zimeondoka mbele, ambako usukani unazihitaji.

Baada ya mizani huja hesabu. Kila shokapu imevikwa springi mbili zilizopandana, na baina yao kitelezi cha plastiki. Zinapobonyea pamoja, ugumu wao hupatikana kwa kuzidisha wa moja kwa wa pili, kisha kugawa kwa jumla yao. Tuseme ya juu ni newtoni 40 kwa milimita na ya chini 60: kwa pamoja ni 24. Uzani wa nyuma ukizidi kwa robo, ugumu nao hauna budi kuzidi kwa robo, ufike 30. Nayo 30 hupatikana kwa kuibadilisha ya juu peke yake, ikawekwa ya 60.

Walakini badiliko hilo huzaa jingine. Juu ya kitelezi kuna pete ambayo, kitelezi kikiifikia, springi ya juu huacha kubonyea, na ya chini ikashika peke yake kwa 60 zake zote. Ya juu ikiwa ngumu zaidi, kitelezi huikaribia pete kwa uvivu. Na ya chini, kwa kulemewa, imekwisha kukishusha tangu gari limesimama. Pete isiposhushwa kwa kipimo kipya, ugumu wa mwisho huchelewa, nalo gari hugota kama awali.

Ndipo ifuatapo shokapu yenyewe, kwani springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, na mkia wa gari huruka baada ya tuta. Shokapu nyingi za kiwandani zina kitasa cha kurekebisha kubonyea tu. Kurekebisha kurudi kwazo hutaka zifunguliwe na visahani vya ndani vipangwe upya. Fundi akizidisha kuupunguza mwendo wa kurudi, gurudumu halidiriki kurudi kabla ya tuta linalofuata, na gari huzama kidogo kidogo.

Gari lililopangwa hivyo likienda tupu litakuwa gumu. Basi mwenyewe na aamue kwanza ni mzigo upi anaosafiri nao siku nyingi, ndipo anunue springi.