Taksiri ya Kizimba Kidogo

Wasomaji waliozitazama filamu za majaribio wanaijua vyema ile sura: kizimba chembamba cha kioo, dume la panya limetangulizwa ndani, na jike, ambaye ovari zake zimekwisha kutolewa na kisha akadungwa estradioli na projesteroni, anatumbukizwa humo ili mchunguzi ahesabu ni mara ngapi, kati ya kupandwa kwake, ameupinda mgongo. Hesabu hiyo, uwiano wa lordosi, ndiyo iliyofanywa kadhi wa kila kesi. Na uamuzi huo wa kizimba, nasema bila ya kusita, ulikuwa kosa.

Panya jike mwenye nafasi hamngojei dume: humwendea, akatikisa masikio, akatimka hatua chache na kusimama, na dume ndiye afuataye, hata muda baina ya tendo na tendo ukawa ni amri ya jike. Katika kizimba kisichokuwa na pa kukimbilia amri hiyo hunyang'anywa, naye akabaki kuonekana kiumbe asiyekuwa na kazi ila kupokea. Kisha vitabu, kwa neno lile lile la kupokea ambalo nimelilalamikia miaka mingi, vikaandika kwamba homoni na ubongo wake ndivyo vilivyotaka hivyo, ilhali vilivyotaka hivyo ni vile vioo vinne. Wekeni kiambaza chenye tundu apitalo jike peke yake, nanyi mtaona mapumziko yakirefuka, na mwili ukiingia katika hali ya homoni ihifadhiyo mimba kwa kuingiliwa mara chache zaidi. Mwaka 1997 Paredes na Alonso walidhihirisha kwamba jike hupapendelea mahali alipowekwa baada ya kujamiiana kwa muda aliojipangia mwenyewe, wala hapapendelei akinyimwa mamlaka hayo.

Sisemi kwamba uchunguzi wote wa homoni na ubongo una kasoro hiyo: kazi ya Phoenix na wenziwe ya 1959, iliyoonyesha kwamba testosteroni kabla ya kuzaliwa huubadili mwenendo wa simbilisi jike hadi utu uzima, ni safi. Ya Gorski ya 1978, juu ya kiini cha haipothalamasi kilicho kikubwa zaidi kwa dume la panya, kadhalika.

Lakini fundi wangu ni Frank Beach, aliyeyapambanua mwaka 1976 mambo matatu yaliyokuwa yamefumbatwa katika neno moja: mvuto wa jike, juhudi yake ya kumtafuta dume, na ukubali wake, na baada yake McClintock na Adler, waliowapa panya uwanja mpana, wakamtazama jike akiongoza. Leo zana za kugusa chembe moja moja ya ubongo zipo, na bado aghalabu jike hutumbukizwa katika kizimba kile kile, asiwe na pa kutokea.