Taksiri ya Mafuta ya Zeituni

Kazi ile ya kuziba nyufa za kochi la ngozi la kahawia, iliyofanywa sebuleni Porto Arabia, katika The Pearl, ikapokezanwa kwa video simu kwa simu na Waswahili wa Doha, wasomaji wameitazama na wengi wameisifu. Nami sikatai kwamba mkono wa aliyeitenda ni mwepesi, illa kazi yote aliiharibu kabla hajafungua kopo la filla ya kuzibia nyufa, pale alipochovya kitambaa katika mafuta ya zeituni akayasugua ndani ya nyufa, akidai kwamba ngozi sharti ilishwe kwanza.

Ngozi ya makochi ya siku hizi aghalabu imepakwa rangi, na juu yake umetandazwa utando mwembamba wa jamii ya plastiki, ambao tone la maji likiuangukia hukaa palepale lisinywewe. Mafuta hayana njia ya kupenya utando huo isipokuwa kwa ule ufa wenyewe. Na yakiingia humo hukuta nyuzi tupu za ngozi, ambazo ndizo filla ya maji ilitarajiwa kuzishika. Mtazamaji hughurika kwa kuwa nyuzi kavu zikinywa mafuta hukoza rangi, na ufa hufifia machoni ilhali haukuzibika hata kwa upana wa unywele. Tazameni tena ukingo wa ufa mrefu wa mto wa kukalia: filla ilikataa kutandaa, ikajikusanya vidonge vidonge, naye, badala ya kuuliza sababu, akaongeza tabaka nene juu yake na kuielekezea draya, hata ikakauka usoni na kubaki mbichi tumboni.

Nimekwisha kuandika, na nitaandika hata mnichoke, kwamba zeituni na dawa ya viatu ndiyo masaibu mawili ya ngozi ya nyumbani. Hususan katika The Pearl, kisiwa kilichojengwa kwa mkono wa binadamu, ambako jua hupiga kutwa kwenye madirisha ya vioo na kiyoyozi hukausha hewa ya ndani usiku na mchana, ngozi hupoteza ulaini wake upesi; na fundi wetu hakulisogeza kochi mbali na kioo hata hatua moja.

Msasa namba 600, ulinganishaji wa rangi kwa sifongo, na vanishi isiyong'aa: hayo yalikuwa sawa.

Mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, waliosifika zamani kwa makubadhi na mikanda, walitegemea kisu, sindano na uzi, wala hawakuwa na filla ya kusitiri kosa; kwa hiyo waliijua ngozi kabla ya kuigusa. Adabu hiyo ndiyo iliyokosekana Porto Arabia.

Sasa dawa ni moja. Filla yote ing'olewe, nyufa zipanguswe kwa spiriti na kitambaa cheupe, kirudiwe kitambaa kingine na kingine mpaka kitoke bila doa la mafuta, kisha ngozi iachwe ikauke kwa hewa. Hapo ndipo filla ipakwe tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke, zifuate msasa, rangi na vanishi. Anayetamani kuilisha ngozi na aitafutie krimu yake maalumu, aipake baada ya hayo yote kukamilika.