Jina la Laiboni katika Mchezo wa Wanyonya Damu

Mwaka 2003 kampuni ya White Wolf ya Marekani ilitoa kitabu kiitwacho Kindred of the Ebony Kingdom. Ni kitabu cha mchezo: wachezaji huketi pamoja, kila mmoja hujitwalia nafsi ya mtu wa kubuni, mmoja wao huiongoza hadithi, na dadu huamua lililofaulu na lililoshindwa. Mchezo wenyewe, Vampire: The Masquerade, ulianza mwaka 1991, na watu wake ni wafu wanaoishi kwa kunyonya damu za walio hai. Kitabu cha 2003 chawaleta wafu hao Afrika, na jina walilopewa ni Laibon. Kwa ajili ya jina hilo yafaa walimu wa Tarime na Serengeti wakifikiri, kwa kuwa limetwaliwa kwa jirani zao.

Kwanza tukipe kitabu haki yake. Watungaji hawakuridhika kumleta mnyonya damu wa Ulaya na kumpaka rangi nyingine. Walitaka awe na mila zake na kipimo chake cha mema na mabaya. Lakini kipimo hicho wamekiita Aye na Orun, maneno ya Kiyoruba. Jina la watu wote ni la Kimasai. Na ukoo mmoja waitwa Mla Watu, kwa Kiswahili. Lugha tatu zimetiwa katika chungu kimoja. Tena kwa sarufi yetu mla watu ni mmoja. Wakiwa wengi ni wala watu. Wala neno hilo halina habari ya damu: twalitumia kwa simba. Hata zimwi wa ngano zetu hanyonyi, bali humeza, na mara nyingi waliomezwa hutoka hai tumbo lake likipasuliwa.

Sasa tuje kwa laiboni. Kwa Wamasai huyu ni mtabiri na mganga, mwenye kubariki na kuwaombea watu mvua. Mbatian, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa laiboni, na wanawe Lenana na Sendeu waligombea urithi wa kazi hiyo. Laiboni aliogopwa, ni kweli, kwa kuwa awezaye kubariki aweza kulaani. Lakini hakuwa mfu, wala hakuishi kwa damu ya watu. Kulitwaa jina la kazi ambayo watu waifanya hata leo, na kumpa nalo dubwana, ni kama kumwita mnyonya damu shemasi.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Katika Mara kunywa damu si jambo la kutisha. Wakuria, kama Wamasai, wamezoea tangu zamani kutoa damu ya ng'ombe aliye hai na kuinywa pamoja na maziwa. Ng'ombe hufungwa kamba shingoni hata mshipa uvimbe, mshale wenye kizuizi hupigwa kwa karibu, damu hukingwa, kamba hulegezwa, na mnyama hurudi malishoni. Kwa Wamasai damu hiyo hupewa mama aliyejifungua na kijana aliyetahiriwa, ili warudishe nguvu. Kanisa laweza kuwa na neno juu ya chakula hicho kwa ajili ya Matendo 15, lakini neno juu ya chakula si neno juu ya uuaji.

Hofu ya damu katika Afrika ya Mashariki yatoka upande mwingine. Ni hofu ya mumiani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi kama gundi, isemwayo kuletwa kutoka Uajemi, na kwamba wengi waliamini ni damu ya watu waliouawa. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, amekusanya habari za namna hiyo kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Anayeogopwa humo si mfu wa usiku. Ni mtu mwenye mshahara, motokaa na ndoo: mzima moto, askari, hata padre, kwa maana Mapadre Weupe walishtakiwa hivyo katika Rhodesia ya Kaskazini. Naye hainywi damu hiyo. Huipeleka kwa wengine, mahali ambapo aliyetolewa hatafika kamwe.

Hapo ndipo kitabu kilipopoteza hazina yake. Mfugaji hunywa damu, na ng'ombe wake huendelea kuishi. Mumiani hanywi, na mtu hufa. Mtungaji ambaye angaliishika tofauti hiyo angalipata dubwana la kutisha kweli, wala asingalihitaji jina la laiboni.

Wala hili si la mchezo tu. Mwaka 2017 huko Malawi uvumi wa wanyonya damu uliwafanya raia wawaue watu kadhaa, na Umoja wa Mataifa ukaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Kwa hiyo sioni faida ya kuwakataza vijana mchezo huu. Yafaa zaidi mwalimu awafundishe kuyatenga mambo matatu ambayo kitabu kimeyachanganya: kazi ya laiboni, chakula cha mfugaji, na uvumi wa mumiani. Mawili ya kwanza wawaulize wazee wao. La tatu wajifunze kulihoji kabla hawajaokota jiwe.