Msumeno Usio na Meno: Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Mashine ya Kukatia Vyuma

Makala haya yanakusudia kupima tafsiri ya kijitabu kimoja cha maelekezo ya mashine ya kukatia vyuma, ile ambayo mafundi wa mageti na madirisha huishusha kwa mkono juu ya bomba lililobanwa. Hapana haja ya kukitaja kijitabu chenyewe wala waliokitoa, kwani makosa yake ni ya wengi. Sarufi yake haina dosari kubwa, na Kiswahili chake kinasomeka vizuri. Hata hivyo, mwanafunzi wa ufundi akikifuata neno kwa neno yamkini akapoteza jicho.

Chanzo cha hatari hiyo ni jina. Mfasiri ameiita mashine hiyo “msumeno”, na kile kinachokata amekiita “wembe”. Kwa Mswahili, msumeno ni kifaa chenye meno. Ndiyo maana husemwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mashine inayoelezwa kijitabuni haina jino hata moja. Hukata kwa diski iliyofanyizwa kwa chembe ngumu zilizoshikamanishwa kwa resini na kutiwa nguvu kwa nyuzi za kioo. Diski hiyo hukisaga chuma kwa msuguano, na yenyewe hupungua kila inapokata.

Lau kama madukani pangekuwa na mashine za namna moja tu, tungeweza kuliacha jambo hili kuwa suala la ladha. Lakini zipo za namna mbili, nazo hufanana sana kwa umbo. Mashine ya diski yenye kipenyo cha milimita 355 aghalabu huzunguka kiasi cha mara 3,800 hadi 4,000 kwa dakika. Ya pili hutumia duara la chuma lenye meno ya kabaidi, mara nyingi la kipenyo kile kile, lakini huzunguka kiasi cha mara 1,300 hadi 1,500 tu. Huo ndio msumeno hasa. Duara la meno likifungwa kwenye mashine ya diski litalazimishwa kwenda karibu mara tatu ya mwendo wake, na meno yanaweza kung’oka na kuruka kama risasi. Tundu la katikati aghalabu ni la milimita 25.4 kwa vyote viwili. Kwa hiyo hakuna cha kumzuia fundi ila maandishi, na maandishi ndiyo yanayomwambia afunge “wembe wa msumeno”!

Tunapendekeza basi neno “msumeno” liachiwe mashine yenye meno, na hii nyingine iitwe “mashine ya diski ya kukatia”. Watakaolalamika kwamba “diski” ni neno la kigeni wakumbuke kwamba mafundi wanalo midomoni tayari, na kwamba “wembe” humpeleka msomaji kwa kinyozi.

Kosa la pili ni la kitenzi, nalo ni gumu zaidi kuliona. Kijitabu kinaonya kwamba mashine isirekebishwe ikiwa inazunguka. Onyo hili ni sahihi katika lugha lilikotoka. Katika Kiswahili, kurekebisha ni kusahihisha kilichokosewa au kutengeneza kilichoharibika. Fundi anayetaka kukata kwa pembe ya nyuzi 45 badala ya pembe mraba haoni kwamba anarekebisha chochote, maana mashine yake ni nzima. Onyo halimhusu, naye hulegeza boliti huku diski ikizunguka. Karakana zina neno lao, “kuseti”, ambalo wanaistilahi wengi hulikwepa kwa aibu. Mimi silioni aibu. Anayeliogopa na aseme kwa urefu: kabla ya kubadili pembe, kina cha mkato au diski yenyewe, zima mashine, ngoja diski isimame kabisa, kisha chomoa plagi.

Sehemu ya kuegemezea chuma, ambayo ndiyo huzungushwa ili kupata pembe, imeitwa “uzio”. Msomaji na asitoke nje kuutafuta: ni kiegemezo. Kwa kifaa cha kubania, mfasiri ameandika “kibano”, ilhali “jiliwa” limo katika kamusi zetu kwa miaka mingi na linasubiri kutumiwa. Maneno haya mawili hayaui mtu, ingawa kiegemezo kisichokazwa vizuri huweza kuhama na kuibana diski hata ikapasuka.

Liko pia jambo lililoachwa kabisa. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski nyingi hupigwa chapa ya mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, kwa kawaida miaka mitatu baada ya kutengenezwa, kwa kuwa resini hudhoofika kwa unyevu na kwa muda. Yaelekea mfasiri aliidhani kuwa namba ya kiwanda. Mwalimu anayekitumia kijitabu hiki hana budi kuiongeza sentensi hiyo mwenyewe, pamoja na ile inayoagiza diski mpya izungushwe dakika nzima bila kukata, kikinga chake kikiwa mahali pake, na fundi akiwa amesimama kando, si mbele ya diski.