Pongezi kwa akina mama wa Pasaka ya Elisabethville

Reli inayopita Kasaji, Kolwezi na Likasi huingia Lubumbashi, ambako limesimama sinagogi lililojengwa 1930, mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Historia humtaja rabi Moïse Levy, aliyefika 1937, na wafanyabiashara waliotoka kisiwa cha Rhodes. Sawa. Lakini Pasaka ya Kiyahudi huanzia jikoni, na pongezi zangu nazipeleka huko.

Kabla ya sikukuu nyumba husafishwa hadi mifuko ya nguo, isibaki chembe ya chachu. Mayai huchemshwa polepole kwa saa nyingi pamoja na maganda ya vitunguu, mpaka yawe mekundu kama vumbi la Katanga, eneo ulipo mji huo. Tende hupondwa kukumbusha udongo ambao Waisraeli waliokuwa watumwa Misri walifyatulia matofali. Mikate isiyotiwa chachu hufunikwa kwa kitambaa kilichotariziwa, na hiyo ni sanaa, hata kama haina jumba la makumbusho. Mezani palisikika Kiebrania na Kiladino, Kihispania cha kale ambacho mababu waliondoka nacho walipofukuzwa Hispania 1492. Watoto walikirithi kwa bibi zao, si shuleni.

Julai 1944 Wanazi waliwachukua Wayahudi wa Rhodes hadi kambi ya Auschwitz. Wachache mno walirudi. Mapishi ya kisiwa kile yakabaki mikononi mwa wanawake waliokuwa wamekwisha kuhama, wakiwemo hawa wa Katanga. Baada ya uhuru wa Kongo wa 1960 wengi walihama tena, safari hii kwenda Brussels na Cape Town.