Tundu Lisilo na Mfuatano: Kuisoma Kadi ya Majaribio ya Bunduki ya Hewa

Anayenunua bunduki mpya ya hewa ya mashindano huletewa sandukuni, pamoja na funguo za kurekebishia kitako, kadi moja ndogo yenye tundu. Wengi huitazama mara moja, wakaridhika na udogo wa tundu lile, wakairudisha pamoja na kitabu cha maelekezo. Nadhani inastahili kukaliwa zaidi. Ni matini fupi iliyotungwa kwa nidhamu kali: huko Ulm wanakotengenezea Walther na Anschütz, au Oberndorf kwa Feinwerkbau, fundi ameibana bunduki kwenye jiliwa ili mkono wa binadamu usiwe na la kusema, akapiga risasi kadhaa kwa umbali wa mita 10 pasipo kugusa marekebisho yoyote, kisha akaiacha karatasi ishuhudie. Fani yake ni kishada cha matundu yaliyomezana. Maudhui yake, kwa madai ya kiwanda, ni usahihi.

Ili kuyapima madai hayo sharti kwanza tukumbuke kanuni za utanzu wenyewe. Katika shabaha ya bunduki ya hewa ya mita 10, kumi ni nukta yenye kipenyo cha milimita 0.5, nayo hupigwa kwa kirisasi chenye kipenyo cha milimita 4.5, yaani kalamu ni nene mara tisa kuliko herufi inayotakiwa kuandika. Kwa kuwa kirisasi kikigusa tu mstari hupewa alama ya juu, kitovu chake chaweza kukosea kwa milimita 2.5 na bado ikahesabiwa kumi. Ukarimu huo ulikwisha pale kumi yenyewe ilipogawanywa kwa desimali, kuanzia 10.0 hadi 10.9, kila sehemu ya kumi ikiwa na upana wa robo milimita. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Ban Hyo-jin wa Korea Kusini na Huang Yuting wa China walimaliza fainali ya wanawake wakiwa sawa kwa alama 251.8, dhahabu ikaamuliwa kwa risasi moja ya ziada: 10.4 dhidi ya 10.3. Utanzu unaotenganisha washindi kwa kipimo hicho unamruhusu mhakiki awe mchambuzi wa vitu vidogo bila kuona haya.

Usomaji uliozoeleka wa kishada ni wa rula. Mtu hupima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje pale penye upana mkubwa zaidi, akatoa milimita 4.5, akapata umbali baina ya vitovu viwili vilivyoachana kuliko vyote. Njia hii ina wepesi unaovutia, na ina kasoro tatu. Ya kwanza ni ya karatasi: kirisasi cha mashindano kina kichwa bapa na hukata duara safi, ila nyuzi za karatasi hujirudi kidogo, hivyo tundu huonekana dogo kuliko kilichopita, na anayetoa milimita 4.5 kamili huwa ameisifia bunduki bila kukusudia. Ya pili ni kwamba kishada cha risasi kumi, kwa wastani, kitakuwa kipana kuliko cha tano kutoka mtutu uleule, kwa sababu tu nafasi za kwenda pembeni zimeongezeka. Kulinganisha kadi ya tano na kadi ya kumi ni kulinganisha visivyolingana. Ya tatu ndiyo inayoniudhi hasa. Katika kishada cha risasi kumi, rula husikiliza mbili na kuzinyamazisha nane. Wastani wa umbali wa kila kitovu kutoka katikati ya kishada huchosha kuukokotoa, lakini angalau kila risasi inapata kauli.

Hata hivyo, wastani nao hauligusi tatizo kuu la umbo hili. Kadiri bunduki inavyokuwa nzuri, ndivyo kadi yake inavyozidi kutosomeka. Risasi ya pili inapita ilipopita ya kwanza, ya tatu inatanua ukingo kwa unywele, ya nne inapita hewani pasipo karatasi iliyobaki ya kutoboa na haiachi alama yoyote. Matini inajifuta inapoandikwa. Kinachopotea katika kufutwa huko si idadi, maana fundi anaijua, bali mfuatano: hatuwezi kujua kama kile kijino cha kushoto kiliumwa na risasi ya kwanza au ya tisa, ilhali jibu la swali hilo ndilo linalobeba maana yote. Ndiyo sababu mjaribuji makini hupiga kila risasi kwenye kadi yake, kisha akazipandanisha kwa vipimo, au akatumia shabaha ya kielektroniki inayohifadhi mahali pa kila risasi kwa zamu yake.

Mfuatano ukirudi, tundu huwa masimulizi. Chukua kishada kilichorefuka kwenda juu na chini, kikiwa chembamba ubavuni. Kirisasi kinachotoka kwa takriban mita 170 kwa sekunde hushuka kama milimita 17 kabla ya kufika kwenye shabaha. Punguza mita 3 tu kwenye kasi hiyo, nacho kitashuka zaidi ya nusu milimita chini ya wenzake, ambayo ni zaidi ya hatua mbili za desimali. Urefu huo, basi, ni kasi isiyotulia. Ila kasi isiyotulia ina namna zake. Risasi zikipanda na kushuka ovyo, nitashuku virisasi visivyolingana uzito. Zikianza kuhama taratibu kuelekea upande mmoja kadiri chupa ya hewa iliyojazwa hadi bar 200 inavyopungua, nitakigeukia kidhibiti cha hewa. Risasi mbili tatu za mwanzo zikikaa kando na zilizobaki zikakusanyika, sitaishtaki bunduki: mtutu uliosafishwa punde huhitaji kupakwa upya madini ya risasi kabla ya kutulia. Kwa rula, kadi hizi zote zinaweza kuwa na upana mmoja.

Vishada viwili vidogo vilivyo jirani ndani ya kadi moja ni jambo lingine, na hapo ndipo ukimya wa kiwanda unapoonekana. Hapo nitashuku kwamba mtutu na virisasi havipatani: virisasi vya mashindano huuzwa kwa vipenyo vya kichwa vinavyotofautiana kwa sehemu ya mia ya milimita, 4.49 au 4.50, na mtutu mmoja hukipenda kimoja na kukikataa kingine bila sababu iliyo wazi machoni. Kwa hiyo kadi haisemi habari za bunduki peke yake. Inasema habari za ndoa kati ya mtutu na toleo fulani la virisasi, huku jina la mwenzi mmoja wakati mwingine likiachwa. Mnunuzi anayefungua kopo la toleo jingine na kutarajia tundu lilelile amesoma kadi kwa imani isiyokuwamo.

Jiliwa nalo limeondoa zaidi ya mtetemo. Mwaka 2008 huko Beijing, Abhinav Bindra alifunga fainali yake kwa 10.8 na kuipatia India dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja; risasi ile ilikuwa nzito kwa sababu ilikuwa ya mwisho. Kwenye kadi hakuna ya mwisho. Zote zina uzito mmoja, na silioni hilo kama upungufu, mradi msomaji asitafute humo kile ambacho bega na pumzi ndivyo vitakavyokileta.

Nikiwekewa kadi mbili, moja yenye tundu dogo lililovutika kwenda chini, nyingine yenye tundu pana kidogo lakini la mviringo, risasi zake zikiwa zimetawanyika pande zote bila kuonyesha mwelekeo wowote tangu ya kwanza hadi ya kumi, nitaichukua bunduki ya pili, kisha nitafute kopo jingine la virisasi.