Heshima Mbili katika Swali la Kikorea

Katika mafunzo ya mwanzo ya Kikorea, mwanafunzi huambiwa mara nyingi ya kwamba kuuliza kwa adabu juu ya jambo lililopita ni kazi nyepesi: achukue shina la kitenzi, alitie alama ya wakati uliopita, amalizie kwa -yo na kupandisha sauti. Kanuni hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa ndiyo ibebayo uzito wa adabu.

Mfano ni kitenzi meokda, 'kula'. Swali lake kwa kanuni hiyo ni Meogeosseoyo?, yaani 'Umekula?' au 'Ulikula?', kwa kuwa -eoss- hufanya kazi ambayo Kiswahili huigawanya baina ya -me- na -li-. Swali hilo lamfaa mwenzi wa rika moja. Akiulizwa bibi kizee lina kasoro, ingawa -yo ipo mahali pake.

Sababu ni kwamba Kikorea kina heshima mbili. Mwisho wa kitenzi humheshimu asikiaye. Kipande -si-, kikaacho baina ya shina na alama ya wakati, humheshimu atendaye. Mtu aulizwapo habari zake mwenyewe, asikiaye ndiye atendaye, basi heshima zote mbili zamdai muulizaji kwa mara moja. Hivyo kwa gada, 'kwenda', husemwa Gasyeosseoyo?, ambamo -si- na -eoss- zimeungana kuwa -syeoss-. Na penye urasmi zaidi, Gasyeotseumnikka? Vitenzi vingine hubadili shina lenyewe: kwa kula, Deusyeosseoyo?, au kwa mzee, Japsusyeosseoyo?; na kwa kulala, jada huachwa, ikasemwa Jumusyeosseoyo?

Kwamba heshima hizo ni mbili kweli, ushahidi ni huu. Mtoto akiulizwa na mzazi wake kama bibi amelala, swali huwa Halmeoni jumusyeosseo?: -yo haimo, -si- imo. Kadhalika, aliyeulizwa Gasyeosseoyo? hujibu Ne, gasseoyo: -yo yabaki, -si- yaondoka, maana mtu hajitukuzi. Mwanafunzi aliyefundishwa ya kwamba adabu ni kitu kimoja hurudisha maneno yale yale aliyoulizwa, akajipa cheo pasipo kujua.

Hapana budi kukiri kwamba mpaka huo haushikwi daima hata na wenye lugha. Katika maduka ya Korea Kusini husikika Keopi naosyeotseumnida, 'Kahawa imetoka', kana kwamba kahawa ni mzee wa heshima; nao Wakorea wengi huilaumu kauli hiyo. Kwa sarufi, lawama ni ya haki. Illakini kosa lenyewe lafundisha jambo: muuzaji ataka kumtukuza mnunuzi, aona -yo au mwisho mwingine hautoshi, akaikimbilia -si-. Hata akosaye ajua mahali uzito wa heshima ulipo.

Kwa Mswahili hatari ni kubwa zaidi. Katika lugha yake adabu hukaa katika shikamoo na katika jina la wito. Mzee naye huulizwa 'umekula?' bila kitenzi kubadilika. Jina la wito litamsaidia, kwa kuwa Kikorea nacho hukwepa neno la 'wewe' mbele ya mkubwa, husema Seonsaengnim, eonje osyeosseoyo?, 'Mwalimu, umekuja lini?' Lakini akilitanguliza jina hilo na kuishia na wasseoyo, ataamini amemaliza wajibu, hali mwalimu amesikia upungufu katikati ya kitenzi.

Kanuni iliyo kamili si ndefu kuliko ile ya nusu: amwulizaye mkubwa habari zake atie -syeoss-, naye ajibuye habari zake mwenyewe aiondoe -si-. Yafaa ifundishwe pamoja na swali la kwanza, wala isingoje sura ya mbele, baada ya mazoea mabaya kuota mizizi.